Kalamu Iliyokwenda Mpofi

Kila fromaji, yaani jibini, iliyotoka nyumbani kwa Luc Sebahire ilikuwa na jina la ng'ombe. Si jina la mwenye ng'ombe, wala la kilima, wala la duka. La ng'ombe mwenyewe aliyekamuliwa. Wale wenye mifugo mingi huchanganya maziwa yote katika pipa moja na kusema hayo ni maziwa ya Masisi, basi. Lakini ng'ombe wa Luc walikuwa wachache, naye hakutaka kumbebesha Isimbi makosa ya Bihogo, maana Bihogo alikuwa na tabia ya kwenda kula majani machungu kando ya mto, kisha anarudi na uso wa mtu aliyetoka kanisani.

Basi asubuhi, fromaji zikishatoka kwenye maji ya chumvi na kupangwa ubaoni, Luc aliketi mlangoni mwa kibanda chake, akachomoa kalamu ya wino kwenye mfuko wa shati, akaandika kwenye vipande vya karatasi: Isimbi. Bihogo. Isimbi. Isimbi.

Ilikuwa ile saa ambayo ukungu wa Masisi bado haujaamua kama utaondoka au utabaki. Vilima vilikuwa vyeupe, karatasi ilikuwa nyeupe, na herufi za buluu nzito zilijitokeza polepole kama ng'ombe wanavyojitokeza mlimani saa hiyo: pembe kwanza, kisha mgongo, kisha mnyama mzima anasimama mbele yako anapumua. Mara nyingine Luc aliinua macho akatazama kilima, akayashusha akatazama karatasi, na asijue ni yupi amemwandika na ni yupi amekuja kwa miguu yake. Alimwapia mkewe Valérie kwamba siku moja aliandika Isimbi kabla ya kufungua zizi, na alipogeuka akamkuta Isimbi amesimama nyuma yake anasoma, na lango la zizi bado limefungwa kwa kamba. Valérie alimuuliza nani aliyefunga ile kamba. Luc akasema ni yeye mwenyewe. Basi, Valérie akasema, aulizwe aliyefunga.

Kwa nini kalamu ya wino na si biki kama watu wote? Ukimuuliza Luc, alikushangaa. Karatasi iliyokaa karibu na fromaji hunyonya unyevu na mafuta. Biki ikipita juu yake huacha mfereji mtupu, kama mtu anayefungua kinywa na kusahau alichotaka kusema. Kalamu ya wino haisukumi. Inagusa tu, na karatasi inakunywa yenyewe. Hayo tu. Jumamosi aliiosha kwa maji ya uvuguvugu, maji yale yale ya kuoshea bidoni za maziwa, na Valérie alilalamika kila Jumamosi. Siku moja, kwa maelezo ya Luc, maziwa yalifika Sake yakiwa na rangi ya mbingu, na mama mmoja wa sokoni akapanda gari hadi Masisi kuomba apewe tena yale yale.

Kuhusu ilikotoka hiyo kalamu, ilitegemea nani anauliza. Kwa watoto, ilipatikana tumboni mwa ng'ombe aliyemeza koti la administrateur wa serikali. Kwa walevi, ilidondoka kutoka helikopta, ikajisimika kwenye mavi ya ng'ombe, na ilipookotwa ilikuwa bado inaandika. Padri peke yake ndiye aliyepewa habari fupi: baba yake Luc alikuwa karani katika shamba la maziwa zamani hizo, na alipokufa akamwachia mwanawe koti, kalamu na kikohozi. Koti liliisha, kikohozi kikapita. Luc mwenyewe shule aliionja tu. Mwandiko wake alijifundisha kwa kunakili maneno ya kwenye mifuko ya unga na majina ya kwenye makaburi ya misheni, ndiyo maana herufi zake zilikuwa nene na zenye utulivu, kama watu walioshiba na hawana safari.

Sasa, kulikuwa na kijana wa Goma jina lake Guy, mwenye viatu visivyolijua tope, aliyepanda Masisi kununua fromaji za kuuza mjini. Alimkuta Luc akiandika. Akasimama kama mtu aliyeona nyoka, ila kwa furaha. Akafungua mkoba wake, akatoa kisanduku kilichotandikwa kitambaa laini, na ndani yake kalamu za wino zimelala moja kando ya nyingine kama watoto wachanga wa materinite. Akaeleza kwamba wao mjini wana kundi. Jumapili wanakutana, wanalinganisha ncha, wanaonjeshana wino. Akauliza Luc anazo ngapi. Moja, Luc akasema. Na akitaka kubadilisha? Kubadilisha nini, Luc akauliza.

"Papa Luc, hii njo passion yako," Guy akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Hapana. Passion yangu iko kulala kisha chakula. Hii iko kalamu tu."

"Lakini unaipenda."

"Na ile kisu ya Mama Valérie, nayo iko passion yake?"

Kutoka jikoni Valérie alijibu kwamba kama kumenya viazi ni passion, yuko tayari kumwachia yeyote mwenye mapenzi mengi kuliko yeye. Guy alicheka, lakini hakushindwa. Kabla ya kuondoka alimwachia Luc kalamu mpya, nyeusi, inayong'aa, yenye pete ya dhahabu kiunoni. Luc alikataa, Guy akakataa kukataliwa, na ile kalamu ikaishia sandukuni pamoja na nguo za ubatizo.

Kisa hicho Luc alikibeba sokoni akakizungusha kwa majuma. Aliigiza viatu vya Guy, aliigiza macho yaliyolowa, na kila mara alimalizia kwa maneno yale yale: iko kalamu tu. Watu wakayazoea. Mtu akisifiwa ng'ombe wake, alijibu iko ng'ombe tu. Mtu akisifiwa mke, alijibu vile vile, kisha akaangalia nyuma.

Hapo ndipo mwanawe, Christian, alipoleta habari za Mpofi.

Christian alikuwa na pikipiki. Alishusha maharagwe na chumvi upande wa Walikale, akapandisha mawese. Msimu ule barabara ilikuwa imetulia, na Christian alianza kushuka hata pasipo maharagwe. Huko Mpofi kulikuwa na msichana anayeuza mawese, Josiane, mwenye sauti ya chini inayokulazimu usogee karibu ili usikie bei. Christian alisogea. Mara kwa mara alimpelekea baba yake Josiane, Papa Hubert, fromaji moja ya nyumbani, kama heshima. Papa Hubert alikuwa mkulima na mtegaji wa wanyama, mtu wa maneno machache. Alipokea, akashukuru, hakusema zaidi.

Jioni moja Christian alirudi, akaegemeza pikipiki ukutani, akabaki amesimama uani na kofia mkononi. Habari zilikuwa njema. Kwao Josiane wamekubali. Wanaomba mbuzi, chumvi, vitenge, vitu ambavyo kila mtu anaweza kuvitafuta. Na kuna kimoja zaidi, ambacho katika ukoo wa Papa Hubert hakinunuliwi. Baba wa kijana hutoa kitu ambacho mkono wake unakishika kila siku, na baba wa msichana naye hutoa chake. Ndivyo mkono wa mtu unavyobaki kwa wenzake hata yeye akiwa mbali. Papa Hubert alipooa, baba yake alitoa mkuki. Babu yake alitoa kiko, akaacha na kuvuta.

Luc akasema hilo ni jambo zuri sana, la watu wenye akili. Atatoa fimbo yake.

"Alishachagua," Christian akasema. "Anataka ile kalamu unaandikaka nayo majina ya ngombe."

Valérie alikuwa amebeba sufuria ya viazi. Aliiweka chini kwanza, kwa uangalifu, ndipo akacheka. Alicheka akashika nguzo.

"Si uko unasema iko kalamu tu?"

Siku zilizofuata Luc alitembea kama mtu aliyeamshwa kabla ya ndoto kwisha. Alitoa mawazo mengi. Ng'ombe, je? Hata Isimbi mwenyewe? Christian alimuuliza katika ule msitu Isimbi atakula nini, kivuli? Kofia, je? Viatu? Alimwambia Valérie kwamba labda yule mzee amekosea kusikia. Asubuhi aliketi mlangoni, akaandika, na ukungu ulipomzunguka ilionekana kama vilima vyenyewe vinangoja aandike kitu ili vijue mahali pa kusimama. Kama kalamu itaondoka, nani atavirudisha kila asubuhi? Aliwaza hivyo kwa dhati kabisa, kisha akajiona mjinga, kisha akawaza tena.

Christian hakuwa kijana wa kubembeleza. Alimkuta baba yake pale pale, akachutama.

"Papa, kama haiwezekani, unaniambia sasa. Nitashuka mimi mwenyewe nimwambie Josiane. Sitaki aendelee kungoja."

Luc alimtazama. Mtoto alikuwa amekonda. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia Luc.

Akajibu kwamba kalamu itakwenda Mpofi. Na wakati anasema hivyo, mawazo yake yalikuwa sandukuni, kwenye nguo za ubatizo, yanaishika ile nyeusi yenye pete ya dhahabu.

Msimlaumu haraka. Alijieleza mwenyewe vizuri sana. Alijiambia kuwa mtegaji wa Mpofi anataka kalamu ya wino. Hii ni kalamu ya wino. Mpya, tena nzuri zaidi. Basi akaifanyia kazi. Aliisugua kwa majivu ikapoteza mng'ao. Aliing'oa ile pete. Aliitafuna mwisho wake, kwa sababu ya zamani ilikuwa na alama za meno, yake na ya baba yake. Aliiloweka katika maji ya maziwa ipate harufu ya nyumbani. Ilipokuwa tayari aliitia katika mfuko wa shati, mbele, mahali pa kuonekana. Ile ya zamani aliichomeka kwenye fulana, chini ya shati na sweta, kwa kuwa kuiacha nyumbani peke yake hakuweza. Mara moja tu katika maisha yake aliwahi kuisahau, akiwa njiani kwenda Sake, na alidai kwamba siku hiyo alisahau hata jina la mke wake, jambo ambalo Valérie hakulisahau.

Wakashuka kwa pikipiki, Luc nyuma ya Christian, Valérie nyuma ya rafiki wa Christian, mbuzi na vitenge nyuma yao kwa pikipiki nyingine. Baada ya Nyabiondo vilima vilianza kuvua majani yake mafupi na kuvaa miti. Harufu ya maziwa iliwasindikiza hadi mahali fulani, kisha ikageuka ikarudi. Miti ikawa mirefu, mwanga ukawa wa kijani, na Luc aliona kama wameingia ndani ya chupa, na mtu fulani huko juu ameishika anawatazama wanavyoelea. Kwao Masisi ukiita ng'ombe unamwona anakuja toka mbali. Huku kila kitu kilikuja karibu kwanza ndipo ukakijua: ndege, mto, mama mwenye kikapu, kijiji. Alijikuta anasinzia, na katika kusinzia akasikia zile kalamu zikizungumza kupitia shati. Ile changa ilikuwa inauliza wanakwenda wapi. Ile ya zamani iliiambia ilale.

Mpofi walipokelewa kwa kasiksi, ile pombe ya ndizi, na kwa nyimbo za mama wa kanisa. Papa Hubert alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa isiyolingana naye, kana kwamba aliazimwa na kaka yake mkubwa. Akawaingiza sebuleni.

Na Luc akasimama.

Ukutani, juu ya udongo uliopakwa chokaa, vilikuwa vimebandikwa kwa uji wa muhogo vile vipande vyake vya karatasi, vyote vilivyokuja na fromaji za Christian. Isimbi. Bihogo. Isimbi. Vimepangwa kwa mistari, vimenyooshwa, hata chembe ya kukunjamana hakuna. Zilikuwa asubuhi zake. Alizitambua moja moja: hii ya siku ya baridi, hii ya siku Bihogo alipovunja ndoo, hii aliyoiandika mbiombio kwa sababu Valérie alikuwa mgonjwa. Asubuhi za Masisi zote zimeshuka huku kabla yake, zikapewa nyumba.

Papa Hubert alimuuliza Isimbi anaendeleaje. Luc akasema hajambo. Na yule mwingine, bado mkorofi? Bado. Papa Hubert akatikisa kichwa kama mtu anayemfahamu.

"Papa Christian," akasema, "nakuambia ukweli kabla haujakula kwangu. Ile kitu yenyewe, ile fromaji, tulishindwa. Harufu yake ilitushinda. Tuliweka ku mitego."

Josiane aliangalia chini. Christian aliangalia mlango.

"Nungunungu banaipenda sana," Papa Hubert akaongeza, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki.

Luc aliamua kutoumia. Kisha akaumia. Kisha akamwona nungunungu wa Walikale, usiku, peke yake, anatafuna kazi ya Isimbi kwa macho yaliyofumbwa, na akacheka mpaka kasiksi ikamwagika gotini.

"Lakini ile maandiko, hapana," Papa Hubert akaendelea. "Ile hatukuwekea banyama. Wakati ya mvua naketi hapa, naangalia. Nikasema, muntu mwenye kuandika jina ya ngombe na heshima namna hii, mutoto wangu akifika kwake, ataitwa vizuri."

Ndani ya koti, chini ya sweta, kitu chembamba kilimkandamiza Luc ubavuni kila alipovuta pumzi.

Wasemaji wa pande mbili walisema, kama ilivyo kawaida, mmoja akidai wamepotea njia, mwingine akidai nyumba hii haina msichana, hata mbuzi wakachoka kusubiri. Vitenge vikapokewa, chumvi ikapokewa. Kisha ukafika wakati wa mikono. Msichana mmoja akaleta jani la mgomba, akalitandika mezani. Luc akatia mkono kwenye mfuko wa shati, mbele, akaiweka kalamu juu ya jani.

Papa Hubert aliichukua kwa mikono yote miwili. Hakuipindua, hakuichunguza. Aliifunika kwa viganja kama unavyofunika kifaranga, na uso wake ukawa wa mtoto. Kisha akamrudishia, na kuomba jambo moja. Kabla haijauacha mkono wa mwenyewe, iandike jina la Josiane. Ataliweka ukutani na mengine, ili yeye akiolewa jina lake libaki na wenzake.

Karatasi ikaletwa. Luc akaandika.

Ile kalamu haikumjua. Ilikuwa ngumu, ilikuwa na haraka. Herufi ya kwanza ilitoka nyembamba na wima, kama mtu aliyesimamishwa kwenye barrière ya askari anaulizwa vyeti. Ya pili ikakwaruza. Katikati ya jina wino ulikatika, akabonyeza, ukaja wote kwa pamoja, ukakaa juu ya karatasi kama inzi. Alipomaliza, lilikuwa jina lililoandikwa na ofisi isiyomfahamu mwenye jina.

Watu wakaitazama karatasi. Wakautazama ukuta. Shangazi mmoja, mama mwenye huruma, akasema safari ya pikipiki huchosha mkono.

"Mukono inachoka, ndiyo," Papa Hubert akasema. Hakukasirika. Alichovya kidole katika uji wa muhogo, akaupaka nyuma ya karatasi, polepole, kona hadi kona. Akasogea ukutani, akatafuta nafasi, na nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa chini ya Bihogo.

Luc alimwona Josiane. Alikuwa anaitazama ile karatasi kama mtu anavyotazama chumba atakachokaa.

"Papa Josiane," akasema, "ngojea kidogo."

Papa Hubert akasimama na karatasi mkononi.

Luc alikuwa na uongo tayari, tena mzuri. Kalamu hizi ni mbili, angesema, mdogo na mkubwa. Mdogo alikimbilia mbele kwa tamaa ya kuona harusi, mkubwa amechoka na safari, amelala kidogo. Aliuanza, kwa kweli. Watu wakaanza kutabasamu. Lakini Papa Hubert alikuwa anangoja na ule uji unakauka kidoleni, na uongo ukamwishia Luc kinywani, jambo ambalo halijamtokea kabla wala baada ya hapo.

"Ile si jina yake," akasema. "Na ile si kalamu yangu. Nilitaka kukudanganya."

"Mi nilikuwa naiweka tu," Papa Hubert akajibu. "Kama njo jina ulimupatia, njo ile."

Luc akavua koti. Akapandisha shati na sweta mbele ya wakwe zake, na fulana yake ikaonekana, na hakuna aliyecheka. Akaitoa. Ilikuwa na joto la mwili. Akaomba karatasi nyingine, akaketi kama anavyoketi mlangoni kwake, akangoja. Waliokuwepo walisema baadaye kwamba ukungu uliingia sebuleni. Mpofi, mchana, jua likiwa kali nje. Wanaapa. Na ndani ya ule ukungu herufi ya kwanza ikainua pembe, ikapinda shingo, ikatulia. Kisha nyingine ikaifuata, na nyingine, bila haraka, zimeshiba, mpaka Josiane akasimama mzima juu ya karatasi, anapumua.

Josiane mwenyewe alisogea, akaweka kidole hewani juu ya jina, bila kuligusa, kwa kuwa wino ulikuwa bado mbichi.

Kisha Luc akaifunga kalamu kifuniko chake, akaiweka kwenye jani. Mkono wake ulibaki pale juu kwa muda, umejikunja, unashika kitu ambacho hakipo. Valérie aliuchukua akaushusha.

"Iko kalamu tu," akamwambia, taratibu, na safari hii hakuwa anacheka.

Papa Hubert naye akatoa chake: kisu kifupi cha kukatia kamba za msituni na kurinia asali. Mpini wake ulikuwa umechimbika mahali ambapo dole gumba lake lilikaa miaka yote. Luc akaweka dole lake pale. Halikuenea, lile shimo lilikuwa kubwa, kama kulala katika kitanda cha mtu mwingine. Na ile kalamu changa, akauliza, ifanyweje? Papa Hubert alimwambia arudi nayo, aifundishe.

Masisi, miezi ya kwanza ilikuwa ya aibu. Wateja wa Sake walituma salamu kuuliza kama Isimbi anaumwa, mbona jina lake limekonda. Luc alikata fromaji kwa kisu cha Papa Hubert, akaandika kwa kalamu isiyomsikia, na asubuhi nyingine ukungu ulikaa mpaka saa nne kwa kukosa wa kuuelekeza. Guy alipanda tena na viatu vyake, akaiona kalamu yake bila pete, ina alama za meno, akafurahi karibu alie. Akauliza kama sasa Papa Luc ana mbili.

"Hapana, iko moja. Ingine iko na kazi Mpofi."

Ilipita harusi, zikapita mvua. Ncha ilianza kulegea, kwanza kwenye herufi za mwisho, kisha kwenye zile za mwanzo. Na asubuhi moja Christian na Josiane, ambao walikuwa wamekwenda kuwasalimu wa Mpofi, walirudi na chupa ya asali. Papa Hubert ameituma. Sasa asali yake yote, Josiane akaeleza, baba anaiandikia jina la mti ilikotoka, hataki mti mmoja ubebe makosa ya mwingine. Anaishika kalamu kama mkuki, anatoka jasho, na mama amekatazwa kupita mbele yake.

Luc akaipokea chupa. Kwenye karatasi ilikuwa imeandikwa: Muvula. Herufi nyingi zilikuwa za mtu anayepanda mlima na mzigo, kila moja imeegemea upande wake. Lakini ile ya kwanza ilikuwa ya Luc. Ilikuwa na pembe, shingo iliyopinda, na ule utulivu. Hakuwa ameiandika yeye, na ilikuwa yake, kama vile unapomsikia mtoto wa mtu mwingine, nchi nyingine, akikohoa kikohozi cha baba yako.

Aliibandua karatasi polepole kwa ncha ya kile kisu. Akamwomba Valérie uji wa muhogo, na Valérie, ambaye hupika wa viazi na maharagwe, akaenda kuutafuta kwa jirani bila kuuliza. Luc akaibandika ukutani mwa kibanda, peke yake, mahali penye nafasi ya kutosha kwa nyingine. Kisha akarudi nyuma, akaketi mlangoni. Nje ukungu ulikuwa mzito, na juu ya kilima ambako haujawahi kuota mti wowote ila majani ya ng'ombe, kitu kirefu sana kilianza kujitokeza, shina kwanza.

"Na huyu Muvula," akamuuliza Josiane, "anaendelea namna gani?"

Josiane akasogea karibu, maana sauti yake ni ya chini. Akasema hajambo. Nyuki wake ndio wakorofi kidogo.